Somo la Kikundi: Mahindi na Baridi ya Nairobi

Katika toleo hili tunajifunza habari za mahindi. Tunajua kuna watakaosema, "Mahindi? Hayo tumepanda tangu utotoni, mtatufundisha nini tena?" Ni kweli. Wengi wetu tunaoishi Kayole, Dandora, Umoja, Njiru na Ruai tulilelewa mashambani, na jembe tunalijua. Lakini shamba la Kitui si shamba la Kinangop, na kaploti ka Nairobi hakafanani na lolote kati ya hayo mawili. Hapa mahindi ya mvua ndefu yanapandwa katika joto la Machi na kukomaa katika baridi ya Julai. Baridi hiyo ndiyo inayotupotezea chakula, na wadudu wanamalizia kilichobaki.

Jambo kubwa la kushika leo ni hili: vita vya Julai hupiganwa mwezi wa Machi. Someni somo kwa sauti, sehemu moja moja, halafu mjadiliane. Mwishoni tumeweka maswali na kazi ya kufanya.

1. Tunapigania nini?

Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukueni kipande cha ardhi cha mita 10 kwa mita 10. Mkipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mimea, mtapata mimea kama 500. Kila mmea ukitoa hindi moja zuri lenye punje za gramu 120, hizo ni kilo 60, yaani gorogoro 30. Kwa jamaa inayopika gorogoro moja kila siku mbili, huo ni ugali au githeri ya miezi miwili.

Sasa toeni theluthi moja iliyoliwa na viwavi. Toeni theluthi nyingine iliyoota ukungu kwa kukosa jua. Mtabaki na gorogoro 10. Ardhi ni ile ile, mbegu ni ile ile na jasho ni lile lile. Tofauti iko katika yale tunayojifunza leo.

2. Baridi inafanya nini?

Eastlands iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku joto huweza kushuka hadi digrii 11 au 12, na mchana mawingu yanakaa juu yetu kama blanketi. Mahindi ni mmea wa joto. Chini ya digrii 10 karibu yanaacha kukua kabisa, na juu kidogo ya hapo yanajikokota tu. Ndiyo maana mbegu inayokomaa haraka kule chini kwenye joto huchukua wiki kadhaa zaidi huku kwetu.

Wengine husema, "Afadhali baridi, itaua wadudu." Si hivyo. Baridi inawapunguzia mwendo tu. Kiwavijeshi vamizi hutoka yai mpaka nondo kwa siku kama 30 wakati wa joto. Wakati wa baridi anaweza kuchukua hata siku 60. Lakini kwenda polepole si kufa. Nairobi hatuna barafu ya kumuua. Tena, mahindi nayo yamepunguza mwendo, kwa hivyo majani laini yanabaki mezani kwake muda mrefu. Na hali ya baridi na unyevu inaleta magonjwa ya majani, kama kutu na yale mabaka marefu yanayokausha jani zima.

3. Mbegu na tarehe

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kununua mbegu kwa sifa. Mtu amesikia kwamba H614 inatoa mahindi makubwa Trans Nzoia, naye anaitaka. Ni mbegu nzuri, lakini ni ya nyanda za juu zenye mvua ya muda mrefu, na inachukua miezi 6 au zaidi. Hapa kwetu mvua ndefu huisha mwishoni mwa Mei au mapema Juni. Itamaliziaje?

Muuzaji mzuri wa agroveti hatakupatia pakiti tu. Mazungumzo yanapaswa kuwa hivi:

"Kijana wangu, nipe ile ya Kitale, ile ya mahindi makubwa."

"Sawa mama, lakini shamba lako liko wapi?"

"Liko hapa Njiru."

"Basi mama, hiyo itakuchelewesha. Chukua ya miezi minne."

Mbegu zinazotufaa ni za muda wa kati kama H513, au za muda mfupi kama Duma 43 na Katumani. Katumani, iliyotolewa katika kituo cha utafiti kule Machakos, ina faida moja kwa mwenye mfuko mdogo: punje zake zaweza kuchaguliwa na kupandwa tena msimu ujao. Mbegu za haibridi ukizirudia, mavuno yanashuka.

Pakiti ya kilo 2 inatosha karibu sehemu moja ya tano ya ekari. Kikundi kinaweza kununua pakiti moja na kugawana. Angalieni kibandiko cha KEPHIS, mkwangue na kutuma nambari iliyomo kwa simu kama inavyoelezwa hapo, ili mjue mbegu si bandia. Zile punje zilizopakwa rangi zina dawa. Zisipikwe, wala zisipewe kuku, hata zikibaki chache.

Kuhusu tarehe, tufuate hesabu tena. Mahindi ya hapa hutoa mbelewele baada ya siku kama 65 hadi 75. Ukipanda tarehe 20 Machi, mbelewele zinatoka mwishoni mwa Mei au siku za kwanza za Juni, udongo ungali na maji. Ukipanda tarehe 25 Aprili, zinatoka Julai, mvua imekwenda na baridi imekaza. Nywele za hindi zinakosa chavua ya kutosha, na unavuna magunzi yenye punje zilizotapakaa kama meno ya mzee. Kwa hivyo ardhi iwe imelimwa mwezi wa Februari. Mvua ya kweli ikinyesha, mbegu iingie.

4. Mahali pa kupanda

Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka, ukilowa unashika maji, na mizizi inakosa hewa. Mahindi yakigeuka manjano mwezi wa Aprili msikimbilie mbolea kabla ya kutazama kama yamesimama kwenye maji. Inueni matuta na mchimbe mfereji wa kutolea maji.

Tieni samadi iliyooza, gao moja kwa kila shimo. Mwenye uwezo wa mbolea ya dukani aweke kizibo kimoja cha soda cha DAP katika shimo na kuichanganya na udongo kabla ya mbegu. Mahindi yakifika magotini aweke kizibo kimoja cha CAN kando ya mmea, udongo ukiwa na unyevu.

Kuna mahali tusipande. Karibu na jaa la Dandora, utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328, na karibu nusu yao wakakutwa na madini ya risasi mwilini kuzidi kiwango kilichokubalika wakati huo. Udongo wa pale haufai chakula. Maji machafu ya mifereji iliyopasuliwa nayo yana mayai ya minyoo. Mahindi yanapikwa, lakini miguu na mikono ya mlimaji haipikwi. Na ukingoni kabisa mwa mto ni hatari: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia Mathare na mitaa mingine ya kando ya mito, yakaua watu na kubomoa nyumba, sembuse mahindi.

Wengi wetu tunalima chini ya nyaya za umeme, kando ya reli au kwenye ploti ya mtu ambayo haijajengwa. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 inatambua kilimo cha mjini, lakini haimpi mtu ardhi ya mwingine. Ombeni ruhusa, na ikiwezekana iandikwe.

5. Wajueni adui

Sota na wenzake wa udongoni. Hawa hukata miche usiku ikiwa bado midogo. Asubuhi unakuta mche umelala. Fukua udongo kando yake, utamkuta kiwavi amejikunja. Mponde. Kulima mapema na kuondoa magugu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda kunamnyima chakula.

Bungua wa mabua. Kuna wa aina mbili wakuu. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika na anapenda nyanda za baridi. Mwingine alitoka Asia na anapenda joto. Nairobi iko katikati, wanaweza kutupata wote wawili. Kiwavi mchanga hula majani ya moyo wa mmea na kuacha vitobo vilivyopangika mstari. Baadaye anaingia ndani ya bua, na hapo dawa haimfikii. Jambo la kukumbuka: wakati wa kiangazi hulala ndani ya mabua makavu akingoja mvua. Yale mabua tuliyozungushia ua au kulundika nyuma ya nyumba yaweza kuwa ndiyo nyumba yake.

Kiwavijeshi vamizi. Huyu ni mgeni kutoka bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa ameshafika Kenya. Mtambue kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Nondo wake hutaga mafungu ya mayai 100 hadi 200, yamefunikwa kwa kitu kama pamba. Ukiona mavi kama unga wa mbao katika moyo wa mmea, fungua majani, yumo.

6. Kukagua kabla ya kupiga dawa

Wiki ya pili baada ya mahindi kuota, anzeni kukagua mara mbili kwa wiki. Kagueni asubuhi mapema au jioni, kwa sababu jua likiwaka kiwavi hujificha. Tembeeni shambani kwa njia ya kona kona, simameni mahali 5, kila mahali mtazame mimea 10. Hiyo ni mimea 50.

Mahindi yakiwa bado madogo, chini ya magoti, mkikuta mimea 10 au zaidi kati ya 50 imeshambuliwa na viwavi wako hai, chukueni hatua kali. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, mmea unaweza kuvumilia zaidi. Ngojeni mpaka ifike 20 kati ya 50. Mbelewele zikishatoka, msipige dawa. Kiwavi ameshaingia ndani ya hindi, na dawa itabaki juu ya chakula chenu.

Kabla ya kufika kwenye dawa, mikono ifanye kazi. Kaploti ka mita 10 kwa 10 watu watatu wanakamaliza kwa asubuhi moja. Ponda mafungu ya mayai, kwa sababu fungu moja ukiliponda leo umeponda viwavi mia wa wiki ijayo. Kiwavi akishaingia katika moyo wa mmea, tia humo jivu kavu au udongo laini mkavu kidogo kwa vidole. Mvua ikiosha, rudia. Wengi pia hutumia majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa, maji yake yakachujwa.

Dawa ya dukani ni hatua ya mwisho. Iwe na nambari ya usajili ya bodi ya serikali, PCPB, na lebo inayotaja mahindi na mdudu huyo. Msinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Pigeni jioni, mkielekeza kwenye moyo wa mmea, mkiwa mmefunika pua na mikono. Someni ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna, maana hapa Nairobi mahindi mabichi yanachomwa na kuliwa siku hiyo hiyo. Msirudie dawa ya aina moja kila mara, viwavi huizoea.

Kwa wenye mbuzi au ng'ombe kuna njia ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na kituo cha ICIPE chenye makao yake Kasarani, jirani zetu. Mnapanda desmodi katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodi inamsukuma nondo, nayo nepia inamvuta akatage huko, ambako watoto wake wengi hufa. Desmodi na nepia zote ni chakula cha mifugo.

7. Kwa nini kikundi?

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu mmoja akikagua na kuponda, na jirani yake ana mahindi yaliyopandwa wiki sita baadaye bila kutazamwa, wa kwanza anafanya kazi bure. Nondo haoni mpaka wa ploti. Hutoka kwenye mahindi makubwa akaingia kwenye madogo, kutoka kaploti hadi kaploti. Kando ya mito yetu watu hupanda mwaka mzima kwa kumwagilia, kwa hivyo meza yake haiondolewi kamwe.

Ndiyo maana tunashauri kikundi kikubaliane mambo matatu. Kwanza, kupanda ndani ya wiki moja. Pili, siku ya kukagua iwe moja kwa wote, na kila mmoja akague ploti ya mwenzake, kwa sababu macho mageni huona zaidi. Tatu, mwezi wa Februari kusafisha mabua yote: yakatwekatwe walishwe mifugo, yaingizwe kwenye mboji, au yatandazwe kwenye jua kali kwa wiki nne au zaidi hadi bungua wafe ndani. Umoja ni nguvu, na hapa si maneno ya mkutanoni tu.

8. Kuvuna na kukausha

Sehemu hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini. Mahindi yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu, na wengine waliyaweka ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Je, si ndivyo tunavyofanya hapa? Mtu anaogopa mahindi kuibiwa, anavuna kabla ya wakati mwezi wa Julai, hakuna jua, anayajaza kwenye gunia chini ya kitanda.

Sumu hii haiishi kwa kupika wala kwa kusaga. Punje zilizooza zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hata katika maziwa.

Fanyeni hivi. Gaweni mavuno ya Julai sehemu mbili. Sehemu moja uzeni au mle mabichi. Wakati wa baridi mahindi ya kuchoma yana wateja, na hayahitaji kukaushwa. Yanayobaki menyeni, myatandaze juu ya turubai, si juu ya udongo, na myaingize ndani kabla ya umande wa jioni. Kama mwenye nyumba anakubali, paa la gorofa ni mahali pazuri. Kuhusu wezi, pangeni zamu ya kulinda. Ni nafuu kuliko kuvuna mabichi.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Chukueni chupa kavu ya kioo, mtie punje hadi theluthi moja, muongeze vijiko vichache vya chumvi kavu na kufunika. Tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha mwache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isiposhika, yaanikeni siku nyingine moja au mbili za jua, kisha muweke ghalani. Mifuko isiyopitisha hewa inazuia fukusi na dumuzi bila dawa, lakini kwa mahindi makavu tu. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yataoza.

Mahindi ya mvua fupi, yanayopandwa Oktoba, hukauka kwenye jua la Februari. Hayo ndiyo ya kuweka akiba. Tumieni mbegu ya muda mfupi, maana mvua hiyo haikai.

Maswali ya kujadili

1. Msimu uliopita kila mmoja alipanda tarehe gani, na alivuna gorogoro ngapi? Andikeni ubaoni. Je, kuna uhusiano?
2. Mabua makavu yako wapi saa hii katika mtaa wetu?
3. Ni nani kati ya majirani zetu hayuko kikundini lakini shamba lake limepakana na letu? Nani atakwenda kumwita?
4. Tukiogopa wezi, tutalindaje bila kuvuna mabichi?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao kila mwanachama alete kikombe cha mahindi aliyo nayo ghalani. Mweka hazina alete chumvi na chupa. Pimeni pamoja. Yatakayoshika chumvi yarudi juani siku hiyo hiyo; yatakayokutwa na ukungu yachomwe, hata kama ni ya mwenyekiti.